Wati 8, 11 au 35: amplifaya ipi ya valvu kwa spika zenye ufanisi mkubwa?

Anayetafuta amplifaya ya valvu, yaani zile chupa za kioo zenye kuwaka zinazokuza sauti, kwa mara ya kwanza huanza na wati. Wati 8 zitatosha kweli? Mbona hii ya wati 11 inauzwa ghali kuliko ile ya wati 100 iliyopo dukani? Swali lina haki yake, ila limeanzia mwisho. Kinachoamua kama wati 8 ni nyingi au ni kidogo ni spika, na jibu huwa limeandikwa nyuma ya kasha lake au kwenye karatasi ya kiwanda: desibeli ngapi kwa wati moja, ukisimama mita moja mbele yake. Isome namba hiyo kabla hujatoa hata shilingi moja kwa ajili ya amplifaya.

Hapa nalinganisha aina tatu. Ya kwanza inatumia valvu moja ya 300B kwa kila upande na hutoa wati 8 hivi. Ya pili inatumia valvu mbili ndogo za EL84 kwa kila upande, zikipokezana kazi. Mfano wangu ni Leak Stereo 20 ya Uingereza, yenye wati 11 hivi. Ya tatu inatumia EL34 mbili kwa kila upande, na mfano ni Dynaco Stereo 70 ya Marekani, wati 35. Amplifaya nyingi za sura ya kizamani zinazotengenezwa leo, ziwe za China, za Ulaya au za kujiundia nyumbani, zimefuata njia mojawapo kati ya hizi.

Niseme mapema ninakoegemea: kwa sebule ya kawaida na spika za desibeli 95 hadi 99, mimi ningechukua EL84 zinazopokezana. 300B ina uzuri ambao sitaukana, lakini inadai masharti ambayo nyumba chache huyatimiza.

Hesabu ya desibeli

Ukizidisha wati mara mbili, sauti hupanda desibeli 3. Ukizidisha mara kumi, hupanda desibeli 10, na masikio ya watu wengi huisikia hiyo 10 kama sauti iliyoongezeka maradufu.

Chukua spika ya desibeli 99. Wati moja inakupa 99, wati 8 zinaongeza 9, jumla 108 kwa mita moja. Sasa chukua spika ya kawaida ya rafuni, ya desibeli 87. Ili ifike 108 ileile, inahitaji wati 127 hivi. Yaani mtu mwenye spika ya 99 na amplifaya ya wati 8 ana nguvu ileile ya sauti aliyonayo jirani yake mwenye spika ya 87 na amplifaya ya wati 127. Ndiyo maana watu wa valvu hawaachi kuzungumzia ufanisi wa spika: wati za valvu ni ghali, na spika nzuri inakupa wati hizo bila kuongeza hata valvu moja.

Ukikaa mita tatu kutoka kwenye spika utapoteza desibeli kadhaa, na spika ya pili itakurudishia 3. Msikilizaji wa kawaida hukaa kwenye wastani wa desibeli 75 hadi 80, lakini ngoma, tarumbeta na mwimbaji anayepandisha sauti huruka desibeli 10 hadi 20 juu ya wastani huo. Kwa spika ya 99, wati 8 zinaubeba mruko huo bila shida. Kwa spika ya 87, zitafika ukingoni kila bendi inapochangamka, na hapo ndipo utasikia sauti za juu zikichanika na besi ikilegea.

Hesabu hiyohiyo inatuonyesha jambo ambalo matangazo hayasemi. Kutoka wati 8 hadi 11 ni desibeli 1.4 tu, tofauti ambayo ni shida kuisikia. Kutoka 8 hadi 35 ni desibeli 6.4, na hiyo utaisikia. Kwa hiyo kati ya 300B na EL84, wati si hoja. Hoja iko kwingine, nitaifikia punde.

Tahadhari mbili kuhusu namba za kiwandani. Siku hizi vipimo vingi huchukuliwa kwa volti 2.83 badala ya wati moja. Kwa spika ya omu 8, volti hizo ni sawasawa na wati moja. Kwa spika ya omu 4 ni wati mbili, kwa hiyo punguza desibeli 3 uipate namba ya kweli. Pili, wapo wanaopima ndani ya chumba, ambako kuta na sakafu husaidia. Namba ikikuvutia mno, ihesabu kama imepungua mbili au tatu.

Omu 8 za nyuma ya kasha

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie, kwa sababu hapa ndipo wengi huharibu pesa.

Spika iliyoandikwa omu 8 haina omu 8 kila wakati. Ukinzani wake hubadilika kadiri muziki unavyotoka kwenye besi kwenda sauti za juu. Mahali fulani hushuka hadi omu 4. Mahali pengine, hasa kule chini ambako koni hupenda kutikisika yenyewe, na pale krosova inapohamisha kazi kutoka spika moja kwenda nyingine, huweza kupaa hadi 30 au zaidi. Amplifaya nayo ina ukinzani wake wa ndani, na volti za muziki hugawanywa kati ya huo wa ndani na wa spika.

300B isiyo na mrejesho, yaani isiyorudisha sehemu ya sauti mwanzoni ili kujisahihisha, huwa na ukinzani wa ndani wa omu 2 na nusu hivi. Spika ikishuka hadi omu 4, inapata asilimia 62 ya volti zilizopo. Ikipanda hadi 30, inapata asilimia 92. Tofauti kati ya hizo mbili ni desibeli 3 na nusu, na imeingia kwenye muziki wako bila wewe kugusa kitufe chochote. Amplifaya yenye ukinzani wa ndani wa nusu omu, kama Dynaco, ikipewa spika hiyohiyo itaonyesha tofauti isiyofika desibeli moja.

Ndiyo maana maelezo ya watu kuhusu 300B hayapatani. Mmoja anasema sauti za kati ni tamu kupita kiasi, mwingine anasema besi ni nene, wa tatu anasema haina besi kabisa. Wote wanasema kweli. Kila mmoja amesikia mchoro wa ukinzani wa spika yake, ukiwa umechorwa upya na amplifaya.

Kwa hiyo kwa 300B haitoshi spika iwe na desibeli nyingi. Ni lazima pia ukinzani wake uwe mtulivu. Karatasi ya kiwanda mara nyingi haina mchoro huo, lakini wapimaji wa kujitegemea huuchapisha kwa spika nyingi zinazojulikana. Utafute. Ukiona mstari unaopanda na kushuka kama milima ya Uluguru, chagua amplifaya yenye mrejesho na uendelee na maisha yako.

300B: valvu moja kwa kila upande

Western Electric waliitengeneza 300B miaka ya 1930 kwa ajili ya vyombo vya sauti vya sinema. Amplifaya yao ya namba 91 iliendesha kumbi ndogo kwa valvu moja ya aina hiyo na wati chache tu, kwa sababu mbele yake palikuwa na honi kubwa, spika zenye mdomo kama wa tarumbeta, zenye ufanisi ambao spika za nyumbani za leo haziukaribii. Valvu na honi zilizaliwa pamoja, na kila anayezitenganisha anaona taabu.

Uzuri wa 300B uko kwenye wati ya kwanza. Ukisikiliza kwa sauti ya chini, usiku, ukiwa na mwimbaji na ala chache, upotoshaji wake ni mdogo na ni wa aina ambayo sikio halikasirikii. Sauti ya mtu inasimama mbele ya spika kama yuko chumbani. Nimeisikia na ninaielewa ibada iliyojengwa juu yake.

Gharama yake ni chuma. Katika mpangilio wa valvu moja, mkondo mnyoofu (DC) wa valvu hupita muda wote kwenye waya wa transfoma ya spika, ile inayounganisha valvu na spika, na kuisumaku. Ili isishibe, fundi huacha mwanya kwenye chuma chake, na mwanya huo hupunguza uwezo wa kubeba besi. Dawa ni transfoma kubwa, nzito, iliyosukwa kwa ustadi, na hiyo haiwi rahisi bei hata siku moja. Amplifaya ya 300B ya bei nafuu imebana hapo. Sura ni nzuri, valvu ni nzuri, lakini transfoma ni ndogo na besi inaishia njiani. Kati ya 300B yenye transfoma dhaifu na EL84 yenye transfoma nzuri, chukua EL84 bila kusitasita.

Jambo la pili ni mvumo. Katika 300B uzi wa kuchemshia ndio wenyewe unaotoa elektroni. Ukichemshwa kwa umeme wa kawaida wa mkondo geu (AC), mvumo huingia kwenye sauti. Kwa spika ya 88 hutausikia ukiwa kwenye kiti. Kwa honi za 105 utausikia hata ukiwa mlangoni. Muulize muuzaji kama uzi wa 300B umelishwa mkondo mnyoofu, au kama kuna kirekebisho cha mvumo chini ya chasisi, kisha weka sikio kwenye spika bila muziki kabla ya kulipa.

Valvu zenyewe hupatikana: Western Electric wenyewe huzitengeneza Marekani, na viwanda vya China na Ulaya vina matoleo yao. Ila jozi moja ya Western Electric huweza kuzidi bei ya amplifaya nzima ya EL84.

Ndugu yake mdogo ni 2A3, iliyotolewa na RCA mwaka 1933, yenye wati 3 na nusu. Ina tabia zilezile na masharti makali zaidi. Bila spika ya desibeli 100 na chumba kidogo, iache.

EL84: mbili zikipokezana

EL84 ni valvu ndogo ya miguu tisa iliyoingia sokoni mapema miaka ya 1950. Wapiga gitaa wanaijua kupitia Vox AC30. Kwa nyumbani, Harold Leak wa London aliiweka kwenye Stereo 20: nne za EL84, tatu za ECC83, na GZ34 moja ya kunyoosha mkondo.

Mpangilio wa kupokezana ndio siri yake. Valvu moja inasukuma, nyingine inavuta, na mikondo yao minyoofu hukutana ndani ya transfoma ikiwa imeelekeana, ikafutana. Chuma hakisumakiwi upande mmoja, mwanya hauhitajiki, na transfoma ndogo ya Leak inatoa besi ambayo 300B ya bei hiyohiyo haiigusi. Mvumo unaotoka kwenye umeme wa ndani nao hupungua sana kwa njia hiyohiyo. Kwa mwenye spika ya 99, ukimya huu una thamani kuliko wati. Kile kinachosikika katikati ya nota, pale gitaa la rithimu linapopumua, kinahitaji amplifaya iliyonyamaza.

Ina mrejesho, kwa hiyo ukinzani wake wa ndani uko chini ya omu 1 na haisumbuliwi sana na milima ya spika. Bayasi yake, yaani kiasi cha mkondo kinachopita kwenye valvu muziki usipokuwepo, hujipanga yenyewe kupitia rizista ya kathodi: unachomoa valvu zilizochoka, unachomeka mpya zilizolingana, basi. Huhitaji mita wala fundi. EL84 mpya zinatoka Slovakia, Urusi na China, na ile ya jeshi la Kisovieti, 6P14P-EV, ina sifa ya uimara na bado inapatikana kwa wauzaji wa valvu za akiba.

Kasoro ya Leak ni kuwa na hamu mno. Inafika nguvu zake zote kwa milivolti 125 tu, kwa sababu ilikusudiwa kufuata priampu (kifaa cha kuchagua na kurekebisha sauti kabla ya amplifaya) ya Leak yenyewe. Pleya ya CD au kifaa cha Bluetooth kinatoa volti 2. Ukiunganisha moja kwa moja, kitufe cha sauti cha kifaa hicho kitakuwa hakina kazi ukikipita robo ya kwanza, na kelele zote za vifaa vya mbele zitakuzwa hadi kwenye spika. Mwambie fundi aweke rizista mbili za kupunguza sauti kwenye kila ingizo. Ni kazi ndogo, na faida yake kwa spika zenye ufanisi ni kubwa kuliko kubadilisha nyaya za gharama.

EL34: nguvu ya akiba

Dynaco ya Philadelphia ilitoa Stereo 70 mwaka 1959, kazi ya David Hafler, ikiuzwa pia kama vipande vya kujiungia nyumbani. Transfoma zake za spika bado zinasifiwa, na hadi leo watu wananakili saketi yake. Wati 35 kwa upande zinakupa nafasi ya kutumia spika hata ya 88 au 90, na kwa spika ya 95 huwezi kuifikisha mwisho bila kumwamsha mtaa.

Kwa nini basi siipi nafasi ya kwanza? Kwa sababu ya matunzo. Bayasi yake inarekebishwa kwa mkono: mita inawekwa kwenye tundu la mbele na kitufe kinazungushwa hadi volti 1.56 kwa kila upande. Kipande cha seleniamu kinacholisha bayasi hiyo huchoka kwa umri, na kikifa, EL34 huanza kuungua. Kibadilishe kwa dayodi ya silikoni hata kama kinafanya kazi. Valvu yake ya mbele, 7199, ni ngumu kupata, ndiyo maana wengi wameng'oa bodi ya asili na kuweka inayotumia valvu za kawaida. Transfoma yake ya umeme huchemka hata kwao Marekani. Toleo la kawaida ni la volti 120 na hezi 60, na kwenye hezi 50 za kwetu litachemka zaidi.

Kama tayari una spika ya 90 unayoipenda na hutaki kuibadilisha, Stereo 70 iliyofanyiwa ukarabati mzuri ndiyo jibu lako. Kama una spika ya 99, unanunua joto usilolihitaji.

| | 300B moja | EL84 mbili, Leak Stereo 20 | EL34 mbili, Dynaco Stereo 70 |
|---|---|---|---|
| Wati kwa upande | karibu 8 | karibu 11 | 35 |
| Ukinzani wa ndani | omu 2 hadi 3 | chini ya omu 1 | karibu nusu omu |
| Spika inayoifaa | 97 na zaidi, ukinzani mtulivu | 93 na zaidi | 88 na zaidi |
| Bayasi | hujipanga, mara nyingi | hujipanga | kwa mkono |
| Gharama ya valvu | kubwa | ndogo | ya kati |

Spika zenyewe

Jina linalotajwa kwanza ni Klipsch wa Hope, Arkansas. Klipschorn iko sokoni tangu 1946. Ina desibeli 105, ni kubwa kama kabati, na matoleo yake ya zamani yanadai pembe mbili za chumba kwa sababu kuta ndizo zinazomalizia honi ya besi. La Scala nayo ina 105 na haihitaji pembe, lakini besi yake inakoma karibu na hezi 50. Heresy ndiyo inayoingia kwenye nyumba za watu wengi: kasha dogo la sakafuni, desibeli 99 kwa matoleo ya karibuni, besi ya kiasi. Hizi kwa jadi ni za njia tatu zenye krosova, na ukinzani wao si mtulivu. EL84 inazifaa kuliko 300B, ingawa watu wanazioanisha na zote.

Kundi la pili ni spika za koni moja isiyo na krosova, kama Lowther za Uingereza na baadhi ya Fostex za Japani zenye kufika desibeli 95 na zaidi. Hapa 300B inakuwa nyumbani kweli. Ukinzani ni rahisi, hakuna krosova ya kubishana nayo, na ule ukinzani mkubwa wa ndani huisaidia koni nyepesi kwenye besi badala ya kuiharibu. Ila zinahitaji kasha la honi lililotengenezwa kwa vipimo, na nyingi hupiga kelele kidogo kwenye sauti za kati za juu. Mwenye kupenda sauti ya mtu na gitaa atafurahi. Mwenye kupenda besi ya kisasa asijaribu.

Kundi la tatu halitajwi sana na wapenzi wa valvu, nami naona ni kosa: makasha ya spika za muziki wa ukumbini, yale ya inchi 12 au 15 yenye honi juu, yasiyo na amplifaya ndani. Mengi yana desibeli 95 hadi 98, yanauzwa Kariakoo na Nairobi bila kuagiza chochote ng'ambo, na yametengenezwa kwa matumizi magumu. Besi yake haishuki sana, kwa kawaida inaanza kupungua karibu na hezi 60, na honi zake nyingine ni kali. Lakini yakiwekwa karibu na ukuta na kupewa EL84 yenye ukimya, hupiga dansi la miaka ya 1970 kwa uhai ambao spika ndogo za rafuni haziuwezi. Epuka yale mepesi ya plastiki yenye maandishi ya wati elfu. Tafuta kasha la mbao lenye karatasi ya vipimo inayotaja desibeli, si wati tu.

Ya zamani au mpya?

Leak au Dynaco halisi kwa kawaida ina zaidi ya miaka 50. Usiichomeke kwenye umeme siku unapoipokea, hata kama muuzaji ameapa kwamba ilikuwa inapiga jana. Kapasita kubwa (vihifadhi chaji) za umeme wa ndani zimekauka. Kapasita za kupitisha sauti kati ya valvu huvuja, zikapeleka volti mahali pasipotakiwa, na valvu ya mwisho ikageuka nyekundu mpaka ife na transfoma iifuate. Transfoma ndiyo roho ya chombo. Ikiungua, kilichobaki ni chuma chakavu. Fundi abadilishe kapasita hizo kwanza, aweke waya wa umeme wenye nyuzi tatu, na aunganishe chasisi na ardhi. Halafu aiwashe mara ya kwanza kupitia balbu ya nyuzi iliyounganishwa mfululizo: balbu ikiwaka kwa nguvu na isififie, kuna shoti.

Ndani mna volti 300 hadi zaidi ya 400 za mkondo mnyoofu, nazo hubaki kwenye kapasita hata baada ya kuchomoa plagi. Fundi wa simu mwenye mikono mizuri si lazima awe fundi wa valvu. Mtafute aliyewahi kushika redio za valvu au amplifaya za gitaa, na muulize anavyotoa chaji ya kapasita kabla ya kuingiza kidole. Akikosa jibu la haraka, ondoka na chombo chako.

Kama huna fundi wa namna hiyo karibu, nunua mpya. Amplifaya mpya ya EL84 iliyoundwa kwa uangalifu haina historia ya Leak, lakini ina kapasita mpya, ardhi salama na mtu wa kumlalamikia.

Umeme wetu

Leak ilizaliwa kwenye umeme wa Uingereza, na ina kiteuzi cha volti kinachofika eneo letu. Amplifaya za mtumba kutoka Japani, zikiwamo Luxman na Sansui za zamani, kwa kawaida ni za volti 100. Za Marekani ni 120. Zote zinahitaji transfoma ya kushusha, yenye uwezo wa angalau mara moja na nusu ya matumizi ya chombo.

Mtego mdogo zaidi uko kwenye amplifaya za China za volti 220. Ukiichomeka kwenye 240, kila volti ya ndani hupanda kwa asilimia 9. Filamenti, yaani uzi wa kuchemshia, ya volti 6.3 inapata karibu 6.9, ukingoni mwa kile ambacho valvu nyingi huruhusiwa, na valvu zitakufa mapema bila wewe kujua kwa nini. Agiza ya 230 au 240, na pima soketi yako usiku wa manane, wakati majirani wamezima vyombo na volti zimepanda.

Umeme ukikatika, zima swichi ya amplifaya na uiache hivyo. Unaporudi hurudi kwa kishindo, na usingependa valvu baridi zikipokee. Inverta za bei ndogo, zisizotoa wimbi laini, huifanya transfoma ivume na mvumo uingie kwenye spika. Inverta ya wimbi laini haina shida.

Kutumia kila siku

Usiwashe kamwe amplifaya ya valvu bila spika kuunganishwa. Transfoma isiyo na mzigo hujitengenezea volti kubwa ndani na kujitoboa. Kabla ya kubadilisha nyaya za spika, zima na usubiri.

Jaribu vituo vyote vya spika, yaani sehemu za kuunganishia nyaya zake kwenye amplifaya, cha omu 4, 8 na 16, ukizima kila mara. Maandishi ya nyuma ya kasha yasikufunge. Heresy iliyoandikwa omu 8 huweza kusikika imara zaidi kwenye kituo cha 4, hasa kwa 300B, kwa sababu ukinzani wa ndani unapungua, ingawa unapoteza wati kiasi. Sikiliza besi ya gitaa na utajua.

Acha nafasi juu na pande zote. Pwani, ambako chumba chenyewe kina nyuzi 30, usiiweke amplifaya kwenye kabati lililofungwa, na funika spika na santuri dhidi ya unyevu na chumvi, si amplifaya ikiwa bado moto. Dakika chache za kupata joto zinatosha. Ukitoka kwa muda mrefu, zima, kwa sababu valvu huhesabu saa za kuwaka hata kama hakuna muziki.

Jifunze kuzisoma valvu kwa macho. Mwanga wa buluu unaocheza kwenye kioo cha EL34 si ugonjwa. Anodi, lile bamba la chuma ndani ya kioo, inayogeuka nyekundu ni hatari: zima papo hapo. Ile rangi ya fedha juu ya kioo ikiwa nyeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekufa. Ukiwa na EL84 nne zilizolingana, ECC83 moja, GZ34 moja na fyuzi kadhaa za kipimo sahihi kwenye droo, Leak yako haitakaa kimya ukisubiri kifurushi kutoka nje.